Mwaka wa Kwanza katika Shule ya Lugha ya Kigeni: Mzazi Atarajie Nini?

Kila mwezi wa Januari, kabla jua halijachomoza, njia za Mabibo hujaa watoto wadogo waliovaa sare mpya zilizowazidi kimo. Baadhi yao huenda kwa miguu kwenye shule za Serikali, zile ambazo watu wa mjini wamezibandika kwa mzaha jina la "Kayumba". Wengine husubiri kando ya barabara mabasi madogo ya rangi ya manjano yawapeleke kwenye shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza. Huko, tangu siku ya kwanza, mwalimu atawafundisha hesabu, sayansi na hata adabu ya kunawa mikono kwa lugha ambayo nyumbani kwao haisemwi.

Mwaka uliopita, muhula wa kwanza ulipokuwa ukingoni, mama mmoja jirani yangu alinijia jioni. Baada ya kusalimiana na kukaribishwa kiti, alisema: "Mwalimu, mwanangu amekaa shuleni miezi mitano. Ada naitoa katika ndizi ninazouza sokoni. Mpaka leo hajatamka neno moja la Kiingereza, na siku hizi hata Kiswahili anakisema kwa kusitasita. Nimtoe au nimwache?"

Swali hili si la mama huyo peke yake. Ni swali la maelfu ya wazazi, nao hulijibu kwa kubahatisha, kwa kuwa shule huwaahidi makubwa na majirani huwatisha kwa mengi. Lakini si swali lisilo na jibu. Wataalamu wa lugha na elimu wamelichunguza kwa zaidi ya nusu karne, na yale waliyoyaona yanaweza kumsaidia mzazi wa Mabibo kujua mambo ambayo mwaka wa kwanza unaweza kumpa mtoto, mambo ambayo hauwezi kumpa, na dalili ambazo hapana budi aziangalie.

Jaribio la Saint-Lambert

Ng'ambo ya mto Saint Lawrence, mkabala na jiji la Montreal nchini Kanada, uko mji mdogo uitwao Saint-Lambert. Nilipokuwa nchini humo kwa masomo ya uzamivu, nilivuka daraja zaidi ya mara moja kwenda kuutazama, kwa sababu ndipo palipozaliwa utafiti ambao wanaisimu wote wa fani yangu wameusoma. Mwaka 1963 wazazi wachache waliokuwa wakisema Kiingereza walianza kukutana na kushauriana. Waliishi katika jimbo ambalo watu wake wengi husema Kifaransa, lakini watoto wao walimaliza shule bila kuweza kuzungumza na jirani. Wazazi hao wakaiomba mamlaka ya shule ifungue darasa ambamo watoto wao wangefundishwa kila kitu kwa Kifaransa tangu mwanzo. Darasa la kwanza la chekechea la namna hiyo lilifunguliwa Septemba 1965.

Wallace Lambert na Richard Tucker wa Chuo Kikuu cha McGill waliwafuatilia watoto hao mwaka hata mwaka, wakawalinganisha na watoto waliosomeshwa kwa Kiingereza na watoto wa Kifaransa wenyewe. Matokeo waliyoyachapisha katika kitabu mwaka 1972 yalienea duniani. Kwa ufupi yalikuwa haya. Mwanzoni watoto walibaki nyuma kidogo katika kusoma na kuandika Kiingereza, lugha yao ya nyumbani. Lakini mara masomo ya Kiingereza yalipoingizwa katika ratiba, baada ya muda si mrefu waliwafikia wenzao. Katika hesabu hawakupungukiwa, ijapokuwa walizisoma kwa Kifaransa. Kuhusu Kifaransa chenyewe, walikielewa vizuri ajabu wakisikia au wakisoma, ila katika kusema na kuandika hawakuwa sawa na wenye lugha.

Wazungu wameuita mpango huu kwa jina linalotokana na kumtumbukiza mtu majini. Kwa Kiswahili yafaa tuwe waangalifu, kwani katika mambo ya maji lugha yetu inatofautisha vitendo viwili. Tunaroweka maharage, na tunatosa jiwe. Vyote viwili vimeingizwa majini. Lakini maharage hufyonza maji, yakavimba na kuwa tayari kwa chungu, hali jiwe huzama likapotea. Nitaonyesha kwamba shule mbili zinazotumia lugha ileile ya kigeni zinaweza, moja ikaroweka watoto, nyingine ikawatosa.

Mwaka wenyewe unavyokwenda

Jambo la kwanza ambalo mzazi atarajie ni kimya. Mtoto mdogo aingiapo mahali pa lugha mpya kwa kawaida hupitia kipindi cha kusikiliza bila kusema. Kipindi hiki chaweza kuwa cha wiki chache, chaweza kuwa cha miezi kadhaa, na watoto hutofautiana sana. Wakati huo mtoto hajalala kifikra. Anatenga sauti moja na nyingine, anatazama midomo ya mwalimu, anaiga wenzake wanaposimama na kukaa. Ni kama mtoto mchanga, ambaye husikia maneno ya mama yake kwa takriban mwaka mzima kabla ya kutamka la kwake, wala hakuna mama anayemshitaki kwa uvivu. Mtoto wa jirani yangu, ambaye miezi mitano hakutamka Kiingereza, alikuwa akitimiza maagizo yote ya darasani. Akiambiwa afunge mlango, alifunga. Hilo ndilo tunda la miezi mitano, nalo halionekani mdomoni.

La pili ni uchovu. Kusikiliza lugha usiyoijua kwa saa sita ni kazi nzito. Mtoto atarudi nyumbani amenuna, atalala kabla ya chakula, atagombana na nduguze kwa jambo dogo. Mzazi asidhani kuwa mtoto ameharibika tabia.

La tatu, katika muhula wa pili, ni maneno ya kukariri. Mtoto atasema kwa ukamilifu salamu, wimbo na maombi ya kwenda msalani, naye hajui mahali neno moja linapoishia na jingine linapoanzia. Baadaye atachanganya lugha mbili katika sentensi moja. Wazee hucheka au hukaripia, lakini mchanganyo huo ni dalili njema. Unaonyesha kwamba mtoto ameacha kukariri na sasa anajenga sentensi kwa vifaa alivyo navyo.

La nne ni kuchelewa kusoma, na hapa naomba msomaji asimame kidogo. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishika silabi ba, be, bi, bo, bu na nyingine za aina hiyo, amepata ufunguo wa karibu kila neno. Kiingereza sivyo, herufi zilezile husomwa hivi katika neno moja na vile katika jingine. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003, uliwalinganisha watoto waliokuwa wakijifunza kusoma lugha 13 za Ulaya. Katika lugha nyingi, mwishoni mwa mwaka wa kwanza, watoto walikuwa wakisoma maneno ya kawaida karibu bila kosa. Wale waliojifunza kwa Kifaransa walisoma kwa usahihi maneno takriban 79 katika kila 100. Watoto wa Uskochi, waliojifunza kwa Kiingereza, walisoma takriban 34. Na hao walikuwa watoto ambao Kiingereza wanakisema kwao! Basi mzazi wa Mabibo asimlinganishe mtoto wake na binamu yake wa Kayumba, ambaye ikifika Juni au Septemba huweza kumsomea bibi yake barua. Binamu hana akili zaidi. Ana njia fupi zaidi.

Mambo ambayo mwaka hauwezi kuyatoa

Mzazi asitarajie kwamba Desemba mtoto atakuwa "amekijua" Kiingereza. Mtaalamu Jim Cummins, katika maandishi yake ya tangu mwaka 1979, ametufundisha kutenganisha lugha ya mazungumzo na lugha ya kujifunzia. Mtoto anayeishi kati ya watu wanaoisema lugha husika huhitaji kiasi cha miaka miwili ili azungumze kwa wepesi uwanjani. Lakini ili aweze kufuata maelezo ya sayansi, kufasiri fumbo la hesabu au kuandika insha kama wenzake wenye lugha, huhitaji miaka mitano hadi saba. Naye mtoto wa Mabibo haishi kati ya Waingereza. Akishuka katika basi, dunia yake yote ni Kiswahili. Hivyo muda wake hauwezi kuwa mfupi kuliko huo.

Aidha, mzazi asidanganyike na lafudhi. Mtoto mwenye sauti nzuri ya kuiga huweza kusimama siku ya mahafali akasema shairi zima la Kiingereza, wageni wakapiga makofi, naye hajui maana ya nusu ya maneno yake. Kipimo kizuri ni kumwuliza kwa Kiswahili: "Leo mwalimu amefundisha nini?" Akiweza kukueleza kwa lugha yake jambo alilolisikia kwa lugha nyingine, basi amejifunza. Asipoweza, makofi yale hayana faida.

Mabibo si Saint-Lambert

Wapo wanaosema: ikiwa watoto wa Kanada walifaulu, kwa nini wetu wasifaulu? Jibu ni kwamba mbegu haioti kwa sababu ya jina lake, bali kwa udongo uliopandwa. Jaribio la Saint-Lambert lilikuwa na masharti yake, na matatu kati yake ni makubwa.

Kwanza, walimu walikijua Kifaransa barabara, wakakitumia kwa hadithi, mchezo na utani. Mtoto hawezi kupata kwa mwalimu kitu ambacho mwalimu hana. Hapa kwetu, tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali, na Kiingereza kikabaki lugha ya kufundishia katika sekondari. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd waliwapima wanafunzi wetu wakaona kwamba wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Wengi waliokuja kuwa walimu walipita katika njia hiyo. Silaumu walimu, nasema tu kwamba mzazi, kabla ya kulipa ada, aombe kuketi darasani kwa saa moja. Akimkuta mwalimu anasoma kitabu na watoto wanaitikia kwa pamoja bila mmoja kuuliza swali, ajue anachokinunua.

Pili, katika Saint-Lambert lugha ya nyumbani haikuwa hatarini. Kiingereza cha watoto wale kilikuwa na heshima barabarani, dukani na katika redio, na baada ya muda kikaingizwa darasani pia. Lugha ya pili iliongezwa juu ya ya kwanza. Lambert mwenyewe alitofautisha hali hiyo na ile ambamo lugha mpya huja kuiondoa lugha ya zamani, akaonya kwamba matokeo ya hali hizo mbili hayafanani. Sisi Waafrika twaijua hali hiyo ya pili. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alieleza jinsi mtoto wa shule nchini Kenya alivyoadhibiwa kwa kusema Kigikuyu. Ni jambo la kusikitisha kwamba hata leo zipo shule ambamo mtoto huvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili, katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha ya Taifa.

Tatu, wazazi wale waliusoma mpango, wakauelewa, na wakakaa nao miaka mingi. Mpango huu hauvunwi kwa mwaka mmoja.

Haya si mambo ya Kanada tu. Mashariki mwa Kongo, mtoto wa Bukavu anayesema Kiswahili nyumbani hukutana na Kifaransa shuleni kama wetu wanavyokutana na Kiingereza, na mzazi wake huuliza maswali yaleyale. Nchini Nigeria, Profesa Babatunde Fafunwa na wenzake walianzisha huko Ife mwaka 1970 jaribio lililofuata njia iliyo kinyume. Watoto walifundishwa kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi, huku Kiingereza kikifundishwa vizuri kama somo. Watoto hao hawakushindwa na wenzao, bali waliwapita, hata katika Kiingereza. Hapa kwetu, mradi wa utafiti wa lugha ya kufundishia katika Tanzania na Afrika Kusini, ulioanza mwaka 2002 na ambao wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki, ulionyesha kwamba wanafunzi wa sekondari wakifundishwa kwa Kiswahili huuliza, hubishana na huelewa zaidi. Basi mzazi ambaye hawezi ada ya mchepuo wa Kiingereza asijione amemnyima mtoto maisha. Lugha ya kwanza iliyo imara ni msingi wa lugha ya pili.

Kosa langu

Sina budi kukiri jambo moja. Binti yangu alipoanza Darasa la Kwanza katika shule ya mchepuo wa Kiingereza, tulishauriwa shuleni tuseme naye Kiingereza tu nyumbani ili "asirudi nyuma". Mimi, niliyesoma utafiti wote huu hata nikatunukiwa shahada kwa ajili yake, niliogopa kama wazazi wengine, nikatii. Nikatangaza kwamba mezani petu Kiswahili kimekwisha.

Kwa wiki kadhaa tulikula kimya. Mtoto aliyekuwa akinisimulia safari yake yote ya kutoka shuleni, mpaka rangi ya mbwa aliyemwona njiani, sasa alijibu kwa neno moja, kisha akaomba ruhusa kuondoka. Mama yangu mzazi, aliyekuwa amekuja kututembelea, alitazama mambo hayo kwa siku tatu. Siku ya nne akaniambia: "Mwanangu, mtoto huyu umemnyang'anya mdomo. Huo Kiingereza atausemea nini?"

Jioni ileile tulikirudisha Kiswahili. Bibi alianza kwa kitendawili, na mtoto akakitegua kabla ya nduguze. Kiingereza chake hakikurudi nyuma hata hatua moja. Kikaja kwa wakati wake, na leo anasoma vitabu vya lugha zote mbili. Lakini wiki zile sikuzipata tena, na sijui alitaka kuniambia nini ndani yake.

Ushauri kwa wazazi

Kutokana na hayo yote, natoa ushauri huu.

Nyumbani, semeni na mtoto lugha mnayoijua vizuri. Msimulieni hadithi, mtegeeni vitendawili, mwacheni ahesabu chenji sokoni kwa Kiswahili. Wazo la kujumlisha likishaingia kichwani kwa lugha moja halihitaji kufundishwa upya kwa lugha nyingine. Mtoto huhitaji majina mapya tu.

Mfundisheni kusoma Kiswahili, hata kama shule haijafika huko. Dakika 15 za silabi kila jioni zatosha. Mtoto aliyekwisha kugundua kwamba maandishi ni sauti zilizowekwa katika karatasi hatahitaji kugundua jambo hilo mara ya pili.

Msimlazimishe kusema Kiingereza mbele ya wageni. Kimya chake ni kazi, na aibu huirefusha.

Tofautisheni kimya na kimya. Mtoto anayenyamaza shuleni lakini akapiga soga nyumbani hana tatizo. Mtoto anayenyamaza katika lugha zote mbili, asiyegeuka akiitwa, au ambaye mwaka umekwisha na hafuati hata maagizo madogo, apelekwe hospitali apimwe masikio na aonwe na mtaalamu. Msiliache jambo hilo kwa kisingizio cha lugha.

Na shule ikimwadhibu mtoto kwa kusema Kiswahili, wazazi waungane wakatae. Hapo mtoto hajarowekwa, ametoswa. Maafisa elimu nao wasilifumbie macho jambo hili, wala lisihesabiwe kuwa ni ukali wa nidhamu. Katika utafiti wote nilioueleza hapo juu, hakuna hata mmoja uliopata faida yake.

Sasa nirudi kwa jirani yangu. Jioni ile nilimwuliza kama mtoto huwasimulia nduguze hadithi. Akasema zamani ndiyo, lakini mjomba wake alikuwa amepiga marufuku Kiswahili ndani ya nyumba, na shuleni vilevile kilikuwa mwiko. Nikamwambia: "Dada, usimtoe kwanza. Mrudishie Kiswahili chake, halafu tuone." Alifanya hivyo. Kufikia Oktoba mtoto alikuwa akimweleza mama yake, kwa Kiswahili safi, kwa nini mmea uliofunikwa ndoo hugeuka rangi. Somo hilo alikuwa amelisikia kwa Kiingereza.

Januari biashara ya ndizi haikwenda vizuri, na ada ikashindikana. Mtoto sasa yuko shule ya Serikali, mwendo wa dakika kumi kutoka kwao. Mama yake alikuja tena kuniuliza, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, kama fedha yote ile ilikuwa imepotea. Wakati akiuliza, mtoto alikuwa ameketi kizingitini akisoma kwa sauti gazeti lililofungia sukari, neno kwa neno, na alipofika kwenye tangazo la Kiingereza hakuruka. Alilisoma polepole, kisha akamfasiria mama yake.